Kudarizi Mfarishi kwa Cherehani: Ugumu wa Mwanzo na Wajibu wa Chama

Chama cha washonaji kinapoamua kuongeza mifarishi katika bidhaa zake, jambo la kwanza linalofikiriwa huwa ni vitambaa, la pili cherehani, na la tatu soko. Jambo la nne, ambalo ni rahisi kusahauliwa katika makisio ya mwaka, ni muda atakaohitaji mshonaji kabla mikono yake haijaizoea kazi. Chama kilichosahau jambo hilo hujikuta kina cherehani na vitambaa, lakini wanafunzi waliojiandikisha kwa furaha wameondoka mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwamba yeye hana mkono wa kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kazi hii humtesa mwanafunzi mwanzoni, namna ugumu huo unavyoshindwa, na mambo ambayo katibu na kamati ya chama wanapaswa kuyapanga mapema ili mwanachama asikate tamaa bure.

MAANA YA MFARISHI

Mfarishi ni tandiko lenye matabaka matatu. Juu pana uso, ambao waweza kuwa kitenge kizima au vipande vingi vilivyounganishwa. Katikati pana ujazo wa pamba iliyotandazwa au blanketi jembamba. Chini pana bitana. Matabaka hayo yasiposhonwa pamoja mahali pengi, ujazo hukusanyika pembeni mfarishi unapofuliwa, na mnunuzi hubaki na mfuko wenye mabonge. Kwa hiyo mishono inayopita juu ya mfarishi si pambo tu, ndiyo inayoushikilia.

Mishono hiyo yaweza kupigwa kwa mkono, nayo ni kazi nzuri lakini ya siku nyingi. Yaweza pia kupigwa kwa cherehani katika mistari iliyonyooka. Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayozungumzwa hapa, ni kuyaondoa kazini meno ya cherehani na kumwachia mshonaji akiongoze kitambaa kwa mikono yake upande wowote anaoutaka: mbele, nyuma, kulia, kushoto na kwa mviringo. Sindano huwa kama kalamu isiyohama mahali pake, na kitambaa huwa kama karatasi inayosogezwa chini ya kalamu hiyo. Mafundi wanaodarizi majina kwenye mashuka na maua kwenye foronya kwa kiunzi cha duara hutumia njia hiyo hiyo. Hivyo mwanachama anayejifunza kazi ya mfarishi hujipatia pia msingi wa udarizi mwingine wa cherehani.

KAZI AMBAYO CHEREHANI HUIFANYA KIMYAKIMYA

Ili kuelewa shida ya mwanafunzi, yafaa kwanza kuelewa kile ambacho cherehani humfanyia mshonaji kila siku bila yeye kufikiri. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani inayofunganisha nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mwingine wa shatili. Lakini katika cherehani yake kitambaa kilitundikwa kwenye bamba lenye pini, na bamba lilipofika mwisho ilibidi kazi isimamishwe, kitambaa kitundikwe upya. Mwaka 1854 Mmarekani mwingine, Allen B. Wilson, alipata hati ya uvumbuzi wa meno yenye miendo minne: hupanda, husukuma kitambaa, hushuka, kisha hurudi yalikotoka. Mpango huo ndio uliomo katika cherehani za kawaida hadi leo.

Meno hayo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, hukipeleka kitambaa mbele kwa mstari. Pili, hukisogeza kwa kipimo kile kile kila sindano inapopanda. Fundi akiongeza mwendo wa pedali, meno nayo huongeza mwendo. Akipunguza, nayo hupunguza. Ndiyo maana mishono yake hulingana hata kama miguu yake hailingani.

Meno yanapoondolewa kazini, kazi zote mbili humwangukia mwanafunzi. Hapo ndipo unapoanzia ugumu wake. Wala si ajabu kwamba fundi aliyeshona mashati na magauni kwa miaka mingi huumia moyo kuliko kijana asiyejua kitu. Fundi huyo anaiona mishono yake ikiwa mibaya kama ya mtoto, naye hudhani kwamba ujuzi wake wote umepotea. Haukupotea. Amekabidhiwa kazi ambayo hakupata kuifanya hapo awali, kwa kuwa cherehani ndiyo iliyokuwa ikiifanya.

HESABU YA MSHONO MMOJA

Jambo hili huonekana wazi kwa hesabu ndogo. Urefu wa mshono hutokana na mwendo wa mkono ukigawanywa kwa mapigo ya sindano. Ichukuliwe kwamba sindano hupiga mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, na kwamba mshono unaotakiwa una urefu wa milimita 3. Basi mkono unapaswa kukisogeza kitambaa milimita 15 kila sekunde.

Mwanafunzi akiingiwa na hofu, miguu yake hukimbia na mikono husita. Sindano ikipiga mara 10 kwa sekunde, na mkono ukabaki katika mwendo ule ule wa milimita 15, mshono huwa wa milimita 1.5 tu, uzi hujazana na kitambaa hukakamaa. Kinyume chake, afikapo kwenye mviringo mikono huharakisha ili aumalize upesi. Sindano ikiwa inapiga mara 5, na mkono ukasogeza milimita 30, mshono huwa wa milimita 6, hulegea, nao waweza kunaswa na kidole cha mguu cha mtu aliyelala.

Kwa hesabu hiyo yaonekana kwamba mwanafunzi hafundishwi kwenda polepole wala kwenda haraka. Anafundishwa kuoanisha miendo miwili, wa miguu na wa mikono, kama mpiga ngoma anavyooanisha mkono wa kulia na wa kushoto. Upatano huo hauji kwa maelezo, hata maelezo yakiwa mazuri namna gani. Huja kwa kurudiarudia.

MAKOSA YANAYOKATISHA TAMAA NA SABABU ZAKE

Si kila shida hutokana na mkono. Nyingine hutokana na cherehani kutotayarishwa vizuri, na mwanafunzi asiyejua hivyo hujilaumu kwa kosa lisilo lake. Mwalimu na ayachunguze mambo yafuatayo kabla hajamrudi mwanafunzi.

1. Kiota cha nyuzi chini ya kitambaa. Mwanafunzi huona juu pako sawa, lakini akigeuza hukuta vitanzi vimesongamana. Mara nyingi sababu ni kwamba wenzo unaoshusha mguu wa cherehani haukushushwa. Katika kazi hii mguu haukikandamizi kitambaa, au umeondolewa kabisa, hivyo ni rahisi kuusahau wenzo. Lakini wenzo ukiwa juu, visahani vinavyokaza uzi wa sindano huwa vimeachia, na uzi hushuka bila kizuizi. Kila mara kabla ya kukanyaga pedali, wenzo na ushushwe. Aidha, uzi wa chini uvutwe utokeze juu, nyuzi zote mbili zishikwe kwa vidole, na mishono mitatu au minne midogo ipigwe mahali pamoja ili kufunga mwanzo.

2. Mishono kurukwa. Sindano inapopanda, kitambaa nacho hupanda kidogo pamoja nayo, na shatili hushindwa kukinasa kitanzi cha uzi. Dawa yake ni kukilaza kitambaa chini kwa mguu wa kudarizia wenye pete ndogo kuizunguka sindano, au kwa kiunzi cha duara. Kiunzi kikitumika, kigeuzwe ili kitambaa kiwe upande wa chini wa kiunzi na kulala juu ya bamba la cherehani. Kisiwekwe kama kinavyowekwa kwa udarizi wa mkono. Sindano butu pia huruka mishono, hivyo ibadilishwe mapema.

3. Sindano kuvunjika. Mwanafunzi akikivuta kitambaa sindano ikiwa ndani yake, sindano hupinda, hugonga bamba na kukatika. Kitambaa kisogezwe bila kuvutwa kwa nguvu. Kwa matabaka matatu sindano namba 90/14 hufaa. Ujazo ukiwa mzito, namba 100/16. Vipande vya sindano vilivyokatika vitafutwe hadi vyote vionekane, kwa maana kipande kilichobaki ndani ya mfarishi ni hatari kwa atakayelala nao.

4. Uzi wa chini kuonekana juu kama vitone. Hii ni dalili kwamba uzi wa juu umekazwa mno. Ulegezwe kidogo kidogo, ukijaribiwa kwenye kipande cha majaribio, si kwenye mfarishi wenyewe. Kama ni uzi wa juu unaoonekana chini, basi ama umelegea mno, ama mkono unakimbia kwenye mviringo.

5. Meno kuendelea kusukuma. Baadhi ya cherehani zina kitufe au skrubu ya kuyashusha meno. Cherehani za zamani za miguu zisizo na kifaa hicho huwekewa kibamba cha kuyafunika meno, na kipimo cha urefu wa mshono huwekwa kwenye sifuri.

Mguu wa cherehani ukiwa umeondolewa, sindano hubaki wazi. Mwanafunzi aonywe mapema kuweka vidole mbali na sindano, na asianze kukanyaga pedali huku akizungumza na jirani yake.

MWILI NA MACHO

Mfarishi wa kitanda ni mzito. Sehemu yake ikining'inia ukingoni mwa meza, uzito wake hukivuta kitambaa, na mkono wa mwanafunzi hupigana na uzito badala ya kuongoza. Meza ya pili iwekwe kushoto na nyingine nyuma ya cherehani ili mfarishi wote ulale juu. Mshonaji akae sindano ikiwa mbele ya kifua chake, mabega yakiwa yameshuka. Mikono miwili iwekwe bapa kuizunguka sindano kama pete, na kila baada ya kipande kidogo kazi isimamishwe, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, ndipo mikono ihamishwe. Wengi hukosea kwa kutaka kuihamisha mikono huku sindano inapiga.

Macho nayo yana kazi yake. Mwendesha baiskeli anayelitazama gurudumu la mbele huanguka. Anayeitazama njia hufika. Kadhalika, mshonaji asiitazame sindano. Atazame mahali anapokwenda, sentimita moja au mbili mbele ya sindano, na mkono utafuata.

MPANGO WA WIKI SITA

Mpango ufuatao waweza kurekebishwa kulingana na hali ya kila chama. Saa moja kila siku hufaa kuliko saa tano siku moja ya juma, kwa kuwa mikono husahau.

Wiki ya kwanza: Mwanafunzi akanyage pedali bila uzi, akiongoza karatasi yenye mistari. Kwenye cherehani ya miguu ahakikishe kwamba gurudumu halirudi kinyumenyume, kwani likirudi uzi hukatika. Jioni achore kwa penseli mistari ya mawimbi bila kuinua mkono. Umbo ambalo mkono haujaweza kulichora kwa penseli hautaweza kulishona.

Wiki ya pili: Aanze kutumia uzi kwenye vipande vya sentimita 30 kwa 30, vyenye matabaka matatu yaliyopigwa bandi. Ashone mawimbi tu. Uzi wa juu na wa chini ziwe za rangi mbili tofauti, ili kosa la mkazo lionekane mara moja.

Wiki ya tatu: Vitanzi na umbo la nane. Hii ndiyo wiki ya hatari. Furaha ya mwanzo imekwisha na ustadi bado haujaja. Mwalimu awe karibu zaidi katika wiki hii kuliko nyingine zote.

Wiki ya nne: Mstari mmoja mrefu unaozungukazunguka na kujaza kipande chote bila kujikata. Mwanafunzi ajifunze kuacha njia ya kutokea, asije akajifungia pembeni.

Wiki ya tano: Majani, maua, na mistari iliyonyooka. Mistari iliyonyooka imewekwa huku mwisho kwa sababu ndiyo migumu zaidi. Jicho husamehe kasoro ya wimbi, lakini kasoro ya mstari ulionyooka huonekana kutoka mlangoni.

Wiki ya sita: Kazi kamili iliyo ndogo, kama vile foronya ya mto au mfarishi wa mtoto mchanga.

Kila kipande kiandikwe tarehe na jina la mwanafunzi, na cha kwanza kihifadhiwe ofisini. Mwanafunzi anayelia katika wiki ya tatu aonyeshwe kipande chake cha siku ya kwanza. Hakuna hotuba itakayomtia moyo kuliko kipande hicho.

WAJIBU WA CHAMA

Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulitoa tamko lenye kanuni saba, na ya tano inahusu elimu, mafunzo na habari. Kanuni hiyo haitekelezwi kwa kumpa mwanachama cherehani na kumtakia heri. Kamati iyaamue mambo manne kabla mafunzo hayajaanza.

Kwanza, vitambaa vya mazoezi viwekwe katika makisio. Mwanafunzi mmoja akitumia kipande kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, atatumia vipande 30 katika wiki sita. Kila kipande kina uso na bitana, yaani miraba 60 ya kitambaa. Kitambaa chenye upana wa sentimita 90 hutoa miraba mitatu kila sentimita 30. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja anahitaji mita 6, na wanafunzi kumi mita 60, mbali na ujazo, uzi na sindano. Marekani ya bei nafuu yatosha. Gharama hiyo ilipwe na mfuko wa elimu wa chama. Mwanafunzi akikatwa malipo yake kwa kila kipande alichoharibu, ataogopa kuharibu, na mwenye kuogopa kuharibu hataharakisha mkono pale unapopaswa kuharakishwa.

Pili, mwanafunzi asilipwe kwa idadi ya kazi alizomaliza. Malipo ya namna hiyo humfundisha kukimbiza miguu kabla mikono haijawa tayari, na kasoro anayoizoea wiki ya pili huwa vigumu kuiondoa baadaye. Chama kikiweza, kimpe posho ndogo ya siku. Kisipoweza, kimruhusu aendelee na ushonaji wake wa kawaida nusu ya siku ili asikose mkate.

Tatu, kazi ya mwanafunzi isiuzwe kwa jina la chama kabla haijakaguliwa. Mkaguzi awe na kipimo kinachojulikana na wote: mishono ya milimita 2.5 hadi 3, pasiwe na viota chini, na ncha za uzi ziwe zimefungwa. Kipimo kikiwa wazi, mwanachama ambaye kazi yake imekataliwa ataona kwamba ameshindwa na rula, si kwamba amechukiwa na mkaguzi. Magomvi mengi hukwisha kwa njia hiyo.

Nne, mwalimu achaguliwe kwa subira yake pamoja na ustadi wake. Fundi bora ambaye amesahau jinsi alivyopata shida zamani huwakatisha wengine tamaa bila kukusudia.

MFANO WA ALABAMA

Mwaka 1966, katika Wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi wa vijijini waliunda ushirika wa kushona mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee. Wengi wao walikuwa wamejifunza kazi hiyo kwa mama zao, wakitumia vipande vya nguo kuukuu, kila mmoja kwa mtindo wake. Maduka makubwa ya mjini yalipoanza kuagiza, yalitaka vipimo vilivyo sawa na mishono inayolingana. Wanawake waliokuwa mafundi nyumbani kwao iliwabidi kujifunza upya kushona kwa kipimo cha soko. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata mkataba wa kuishonea kampuni ya Sears foronya za mito za kodroi. Ulidumu hadi mwaka 2012, yaani miaka 46.

Mazingira ya wanawake hao yalikuwa tofauti na ya vyama vya huku, na sehemu kubwa ya mifarishi yao ilishonwa kwa mkono. Hata hivyo funzo lake ni wazi. Kujua kazi ni jambo moja, na kuifanya kwa namna itakayouzwa mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine. Chama ndicho kinachomvusha mwanachama kutoka la kwanza hadi la pili.

HITIMISHO

Katibu atakayelisoma jarida hili mbele ya mkutano wa chama chake na alitilie mkazo jambo moja. Mishono mibaya ya wiki ya tatu si ushahidi kwamba mwanachama hafai. Ni hatua ambayo hakuna anayeiruka, kwa kuwa mikono inajifunza kazi iliyokuwa ya chuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chama kinachotaka mifarishi bora sharti kiwe tayari kwanza kulipia mibaya. Chama kitakachoandika gharama hiyo katika makisio yake, na kumweka karibu mwanafunzi anayetaka kuondoka, kitakuwa na mafundi. Kisichofanya hivyo kitabaki na cherehani zilizofunikwa kwa mashuka.